Paka dume wanapigana kwa nyumba ya familia: venye utawatuliza bila kutupa yeyote

Kama unaishi nyumba moja na wazazi, ndugu, shangazi na watoto wao, na kila mtu ameleta paka wake, basi unaijua ile saa tisa ya usiku, paka wawili wanaanza kulia kama watoto wachanga halafu ghafla vita inalipuka chini ya meza, manyoya yanaruka, sufuria zinaanguka, Shosho (nyanya yenu) anaamka akidhani ni wezi. Sisi tuliishi hivyo karibu mwaka mzima hapa Buruburu, Nairobi, nyumba ya vyumba vitatu, watu wanane, paka watatu: Chui wa kaka yangu, Bosi wa binamu, na Pendo, jike wa Shosho. Hakuna hata mmoja alikuwa amehasiwa. Naandika hii juu najua nyumba nyingi ziko hapo saa hii na mara nyingi mambo huishia paka kutiwa kwa gunia na kuachwa sokoni, ama kuwekewa sumu, na hiyo inaniuma sana kwa sababu hii shida inatibika.

Kwanza elewa kinachoendelea. Paka dume akifika kama miezi mitano au sita homoni zinaanza kufanya kazi, anaona nyumba yote ni yake, na dume mwingine yeyote, hata yule walilala naye kikapu kimoja wakiwa wadogo, anakuwa adui. Anasimama, anainua mkia, mkia unatetemeka, anapiga mkojo kwa ukuta, kwa sofa, kwa begi ya shule ya mtoto. Hakukomoi, hana kisasi na wewe, anaandika mpaka wake. Na kama kuna jike ndani ndio moto unaongezeka. Jike akiingia joto analia usiku kucha, anajiviringisha sakafuni, anainua kiuno ukimgusa mgongo, na madume wote wa esteti wanapata habari.

Kitu wengi hawajui ni kwamba jike huingia joto kulingana na urefu wa mchana. Nchi za mbali na ikweta, miezi ya mchana mfupi jike hupumzika. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni kama masaa 12 Januari hadi Desemba, kwa hivyo hakuna pumziko, joto linakaa kama wiki, asipopandwa linarudi baada ya wiki mbili tatu, na akipandwa anabeba mimba siku kama 63 hadi 65 halafu anaweza kushika nyingine hata kabla hajamaliza kunyonyesha. Kwa hivyo ukingoja eti msimu upite watulie, utangoja mpaka uchoke.

Usiku wa leo

Wakianza kupigana usiingize mkono. Narudia, usiingize mkono wala mguu, hata kama ni paka wako anayekupenda, juu paka akiwa kwa vita hajui ni nani anamgusa. Kaka yangu alimshika Chui kwa tumbo akaumwa kidole gumba, siku ya pili mkono ulikuwa umevimba mpaka kifundo. Chukua mto, kipande cha kadibodi, ama kile kifuniko kikubwa cha beseni, kiteremshe katikati yao wasionane, halafu mmoja umfunike na blanketi au leso nzito umwelekeze chumba kingine ufunge mlango. Usipige kelele, usiwachape. Ukimchapa anaunganisha ule uchungu na yule paka mwenzake, na kesho anamchukia zaidi.

Wakishatengana waache watengane. Sio dakika kumi, angalau siku nzima, na kama vita ilikuwa mbaya wakae hivyo mpaka wote wahasiwe. Najua unasema nyumba ni ndogo. Yetu pia ni ndogo, tulitumia bafu na chumba cha vijana kwa zamu: asubuhi Chui ndani Bosi nje sebuleni, jioni wanabadilishana, na tulibandika ratiba kwa mlango na kalamu nyekundu ili mtoto asifungue ovyo. Kila mmoja awe na maji yake, chakula chake, beseni lake la mchanga, na nguo au kitambaa chenye harufu yake cha kulalia. Wakati mwingine paka anaona dume wa nje kupitia dirisha, hasira inampanda, halafu anamrukia yule aliye karibu ndani ya nyumba, hata mtoto. Ukigundua ni hivyo funika sehemu ya chini ya lile dirisha kwa pazia au gazeti.

Baada ya vita wakague wakishatulia. Meno ya paka ni membamba, yanaingia ndani na tundu linafunga juu juu, halafu siku tatu nne unaona uvimbe moto wenye usaha, hilo jipu linahitaji daktari wa mifugo sio chumvi na maji ya moto. Pia kuumana ndio njia kubwa ya kuenezwa kwa FIV, kirusi kinachoangusha kinga ya paka, hakimpati binadamu lakini paka akishakipata hakitoki.

Na mtu akiumwa au kukwaruzwa mpaka damu itoke, osha kidonda na sabuni chini ya maji yanayotiririka dakika 15, hesabu kwa saa, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mambo mawili: meno ya paka hubeba bakteria wanaoharibu kidonda haraka sana, hasa kwenye vidole na viungo, na kichaa cha mbwa bado kiko Kenya na paka anaweza kukibeba. Daktari ndiye ataamua kama unahitaji chanjo. Usikubali kuambiwa "ni paka tu". Kichaa dalili zikishaanza hakuna kurudi.

Kitu kingine usichanganye na hasira: dume anayeingia kwa mchanga mara nyingi, anachuchumaa, anajikaza, analia, na hakuna mkojo ama ni tone tu. Huyo njia ya mkojo imeziba na anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Huyo haulizii ushauri, anapelekwa kliniki saa hiyo hiyo.

Kuwakubalisha watu wa nyumba

Hapa ndio kazi ilikuwa. Dawa ya hii shida kila mtu anaijua, ni kuhasi madume na kufunga kizazi cha jike. Lakini kwa nyumba ya familia paka ni wa mtu, na huyo mtu ana sababu zake. Nimeona watu wakimbeba paka wa ndugu kimya kimya wakamhasi mwenyewe akiwa kazini. Usifanye hivyo. Hata kama paka atatulia, utakuwa umeanzisha vita nyingine ya watu, na hiyo haina daktari.

Tulikaa Jumapili baada ya chakula, watu wote, hata watoto, juu watoto ndio walikuwa wanapanguza mikojo. Nilianza na Shosho, nikamwambia, "Shosho, sitaki Pendo afukuzwe, nataka akae na wewe miaka mingi." Hiyo ilikuwa kweli na ilimfungua. Yeye alikuwa anaamini jike lazima azae angalau mara moja ndio afungwe, na watu wengi wa rika lake wanaamini hivyo. Nilimweleza taratibu kwamba jike hahitaji kuzaa ndio awe mzima, kinyume chake, akifungwa mapema kabla ya joto la kwanza hatari ya saratani ya matiti inapungua sana, na haipatikani tena ile hatari ya usaha kwa mfuko wa uzazi ambayo huua majike wengi wakubwa. Halafu nikamuuliza wale watoto wanne wa mwisho walienda wapi. Akanyamaza. Wawili tuliwapa jirani, wawili walikufa, na mmoja wao tunaamini aliuawa na Bosi, juu dume anaweza kuua watoto wasio wake.

Binamu ndiye alikuwa mgumu. Yeye alisema mkimhasi Bosi mmemharibu uanaume wake, na tena hatakamata panya. Hapo usimcheke mtu. Mwanaume akiongea hivyo anaongea pia juu ya heshima yake, na mbele ya familia ukimdharau umempoteza. Mimi nilimjibu hivi: Bosi hana mke anayemngoja, ana vidonda tu, hesabu makovu kwa uso wake. Paka hahesabu uanaume, anajua tu njaa, usalama na usingizi. Na panya atakamata vile vile, kuwinda ni tabia ya paka hata jike aliyefungwa anawinda, kinachopungua ni kuzurura na kupigana. Ikiwezekana mpeleke mwenyewe akaone paka wa mtu aliyehasiwa, binamu aliamini baada ya kuona dume wa jirani amelala juu ya ukuta na panya mdomoni.

Pesa. Msiwaachie wenye paka peke yao, juu wale wasio na paka pia hawalali. Tulifanya kama chama kidogo, kila mtu mzima alitoa kidogo kidogo kwa M-Pesa kwa simu ya mama miezi miwili, na tukakubaliana wote watatu waende pamoja. Hii ya pamoja ni muhimu. Ukihasi dume mmoja tu, yule mwingine ataendelea kumshambulia na huyu aliyehasiwa anaweza kushindwa, na mwenye paka atasema umemdhulumu, na atakuwa na haki.

Kliniki

Bei zinatofautiana sana kutoka kliniki moja hadi nyingine, kwa hivyo piga simu sehemu tatu hivi, sema una paka wangapi, dume wangapi jike wangapi, uulize kama bei ina dawa ya maumivu ndani. Nairobi kuna KSPCA, shirika la kutunza wanyama, huko Karen, hao wamekuwa wakitetea wanyama miaka mingi na hufanya hii kazi ya kuhasi, na kuna kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, penye wanafunzi wa udaktari wa mifugo wanafundishwa. Kliniki za kibinafsi ziko kila upande wa mji. Popote unapoenda hakikisha daktari amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, usiogope kuuliza. Usimwite mtu wa kuhasi nguruwe na ng'ombe aje na wembe nyumbani. Paka anasikia uchungu kama wewe, lazima alale usingizi wa dawa.

Umri mzuri ni kama miezi minne au mitano kabla fujo haijaanza, lakini hata dume wa miaka sita anahasiwa na anasaidika. Jike anayenyonyesha ngoja watoto waachishwe, kama wiki nane, na wakati huo mfungie mbali na dume. Usiku wa kabla uulize kliniki saa ya kuacha kumlisha, mkubwa kawaida hali usiku ule, mdogo hukaa bila kula masaa machache tu. Kumbeba: kama huna kikapu cha paka tumia kreti mbili za plastiki zilizofungwa pamoja na kamba, ama kiondo kikubwa ukishonea kitambaa juu, weka leso yenye harufu ya nyumbani ndani. Katoni peke yake usitegemee, Bosi alitoboa moja kabla tufike stendi. Kila paka na chombo chake. Na usiwabebe ndani ya matatu saa ya kazi watu wamesongamana, nenda mapema.

Ukiwa hapo omba chanjo ya kichaa kabisa, paka hupewa kuanzia miezi mitatu, na uweke ile kadi mahali salama.

Wakirudi dume huwa sawa haraka, kidonda chake ni kidogo, jike amefunguliwa tumbo kwa hivyo anahitaji siku 10 hadi 14 bila kuruka wala kulamba nyuzi. Waweke mbali mbali kwanza, hata waliokuwa marafiki, juu wamerudi na harufu ya kliniki na mwenzake hamtambui. Na tafadhali sana usimpe Panadol. Watu wamewaua paka wao kwa upendo hivi, ini la paka haliwezi kuvunja paracetamol, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Tumia ile dawa ya daktari tu.

Usitarajie amani kesho yake. Tabia inabadilika polepole, wiki nne hadi sita na wengine zaidi kidogo, na katika wiki za kwanza dume bado anaweza kutia jike mimba. Hapa ndio familia hukata tamaa, "si mlisema atatulia?" Waambie mapema kabla hata hamjaenda.

Mikojo

Nyumba ikiendelea kunuka, paka ataendelea kurudi pale pale hata akishahasiwa, juu pua yake inamwambia hapa ni choo. Kosa la kwanza la kila mtu ni Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Mkojo una amonia, ukiumwagia Jik unatoa hewa chafu inayochoma kifua, na kwa nyumba iliyofungwa na mtoto mwenye pumu hiyo ni hatari. Dettol pia achana nayo, paka akikanyaga halafu alambe miguu inamdhuru. Sisi tulifanya hivi: nyonya mkojo na kitambaa kikavu kwanza, osha na maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga ile yenye vimeng'enya, suuza, halafu siki nusu maji nusu, acha ikauke, mwisho magadi ya kuokea unanyunyiza usiku kucha unafagia asubuhi. Sofa letu lilihitaji mara tatu. Kapeti ya sebule tuliitoa nje juani Jumamosi mbili, na kipande kimoja tulikata tukatupa.

Vyoo vya paka viwe idadi ya paka ukiongeza kimoja. Paka watatu, beseni nne. Inaonekana ni mingi lakini beseni la kawaida la kufulia la bei nafuu linatosha, na mchanga wa mjengo uliochujwa mawe, ama vumbi la mbao kutoka kwa seremala ambalo halijachanganywa na rangi wala varnishi. Usiyapange yote mstari mmoja, kwa akili ya paka hiyo ni choo kimoja na yule mkali ataketi mlangoni awazuie wengine. Toa kinyesi kila siku, na kama kuna mama mjamzito nyumbani hiyo kazi sio yake, vimelea vya toksoplazma vinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Chakula vile vile. Tulikuwa tunaweka omena kwa sahani moja kubwa jikoni, halafu tunashangaa mbona wanapigana jikoni. Sahani tatu, pembe tatu ambazo hawaonani. Na mahali pa juu pa kukimbilia: juu ya kabati, rafu, hata katoni imara juu ya friji. Paka aliye na njia ya kupanda hapigani sana kama yule aliyebanwa pembeni.

Kuwarudisha pamoja

Wiki tano baada ya kliniki tulianza. Kwanza kitambaa: mpanguse Chui mashavuni, kiweke chini ya sahani ya Bosi, na Bosi vile vile. Wakishakula bila kukikoromea, sogeza sahani zao pande mbili za mlango uliofungwa, kila siku karibu kidogo. Halafu mlango unafunguliwa upana wa vidole viwili, umefungwa na kamba usifunguke zaidi, wanaonana wakila. Mwisho kabisa chumba kimoja, dakika tano, kila mmoja na nyama yake, mtu mmoja na mto mkononi tayari. Ukiona masikio yamelala nyuma, mkia unapiga sakafu, macho yamekazana, maliza kwa upole kabla hawajarushiana, na kesho urudi hatua moja nyuma. Sisi ilichukua wiki tatu, na mara moja tulirudi mwanzo kabisa kwa sababu mtoto alifungua mlango. Chui na Bosi hawajawahi kuwa marafiki. Wanapitana koridoni kila mmoja akiangalia kando, na sisi hiyo inatutosha.

Kuhasi kunamaliza au kupunguza sana kupiga mkojo kwa madume kama tisa kati ya kumi, kwa hivyo kuna yule wa kumi. Kama miezi mitatu imepita na bado anapiga, mrudishe kwa daktari, apimwe kibofu na figo, kisha uangalie kama kuna dume wa nje anayekuja dirishani. Kwetu alikuwepo, wa rangi ya kijivu, bila mwenyewe, anaruka ukuta kutoka ploti ya nyuma. Keateka, yule mtunza nyumba, alitaka kumwekea sumu. Nikamwambia keateka, ndugu yangu, kuua mnyama kwa mateso ni kosa kwa sheria ya Kenya, Sura ya 360, na tena sumu haichagui, kesho ni mbwa wa landilodi ama mtoto. Tuliacha kumwaga mabaki nje usiku, tukaziba lile tundu la mabati, na majirani watatu tukachanga akahasiwa pia. Siku hizi analala juu ya tangi la maji na Shosho humtupia kichwa cha samaki jioni.

Chakula cha hawa waliohasiwa kipunguze kidogo, wananenepa haraka.